"Shamefaced": neno lililobandikwa uso

Mwingereza ukimuuliza "shamefaced" limetoka wapi, huenda akakujibu bila kufikiri: "shame" ni aibu, "face" ni uso, basi ni mtu ambaye aibu imemjaa usoni. Mswahili naye atakubali upesi, maana si tunasema uso umeumbwa na haya? Wote wawili wamepotea njia. Neno hili asili yake halina uso.

Katika Kiingereza cha Kale liliandikwa "scamfæst". "Scamu" ni haya. "Fæst" ni imara, kilichokazwa kisibanduke. Basi ni mtu aliyeshikwa na haya, na ilikuwa sifa njema: haya ndiyo iliyomzuia asivuke mpaka. Ndugu yake ni "steadfast", ambamo "stede" ni mahali, yaani asiyeng'oka pale aliposimama. Kijerumani bado kina "fest" na Kiholanzi "vast", kwa maana ileile ya uimara.

Hii "fast" ina mambo. Maana ya haraka ilikuja baadaye, ndiyo maana "fast asleep" si kulala haraka bali kulala fofofo. Na kinachonifurahisha mimi zaidi ni hiki: "fasten" ni kufunga mlango, na "fast" ni kufunga chakula, zote za mzizi mmoja. Sisi nasi tuna kufunga mlango na kufunga Ramadhani, halafu asubuhi wao wana "breakfast", sisi tuna kifungua kinywa. Na hakuna aliyemwiga mwenzake.

Kufikia karne ya 16 maana ya kale ya "fast" ilikuwa imefifia, na kwa kuwa aibu huonekana usoni, watu wakasikia "faced". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ilikuwa na "shamefastness" katika 1 Timotheo 2:9. Matoleo ya baadaye yakaweka "shamefacedness". Maana nayo ikahama. Leo "shamefaced" ni yule mtoto aliyefumwa mkono ukiwa ndani ya kopo la sukari: haya haikumzuia, imemjia baadaye.

Tusiwacheke. "Kitab" ya Kiarabu haikuwa na kiambishi "ki-", sisi tukakisikia, tukapata vitabu. Na kibao cha barabarani cha "keep left" kikatuzalia kipilefti, ambavyo vikiwa viwili ni vipilefti.