Ukiomba ubingwa Marekani, panga hospitali kwa moyo wako

Watarajali wanapokaribia kumaliza mwaka wao, hapa Mwanza swali huwa ni lilelile: "Dokta, nikiiweka ile hospitali kubwa namba moja kwenye orodha yangu, si nitaikosa na hii ndogo?" Anayeuliza ni mwenye nia ya kusomea ubingwa Marekani. Jibu ni hapana, na wengi hawaliamini kwa sababu njia ya kwetu imewazoesha hesabu nyingine.

Huku, mtu akimaliza miaka mitano ya udaktari na mwaka mmoja wa utarajali, akasajiliwa na Baraza la Madaktari, huomba shahada ya uzamili moja kwa moja chuoni, iwe CUHAS pale Bugando au Muhimbili. Kwa kawaida husoma miaka mitatu, na ada ni juu yake au ya mfadhili. Kwa hiyo swali la nani atalipa hutangulia lile la kusomea upasuaji au magonjwa ya watoto. Nimeona waliopenda upasuaji wakafuata ufadhili kwingine, na siwalaumu.

Marekani anayesomea ubingwa hulipwa mshahara, na nafasi nyingi hugawiwa kwa kompyuta chini ya NRMP, mpango wa taifa wa kuwapangia madaktari hospitali za kusomea ubingwa, ulioanza 1952. Wenyewe huuita Match, yaani kuoanisha, ila usiwaze mechi ya Kirumba. Kabla yake hospitali ziligombania wanafunzi hadi kuwawahi miaka miwili kabla hawajahitimu. Siku hizi mwombaji hufanya usaili kwanza, kisha hupanga hospitali kwa anavyozipenda. Hospitali nazo hupanga waombaji.

Tuseme kijana wa Nyakato ameandika Boston namba moja, Cleveland namba mbili. Kompyuta inampeleka Boston, kwenye nafasi moja tu, na anakalishwa kwa muda. Anatokea mwingine ambaye Boston wamempanga juu yake: kijana wetu anainuliwa, anapelekwa Cleveland. Huko kumeshajaa. Lakini kama Cleveland wamempanga juu ya mmoja wa waliokaa, huyo ndiye anayempisha. Kwenye daladala ya Buhongwa aliyewahi kiti ndiye mwenye kiti. Humu hakuna kuwahi. Kuanzia Boston hakukumpunguzia chochote Cleveland.

Hesabu hii ina mizizi kwa wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley, walioiandika mwaka 1962 wakitumia mfano wa wachumba. Alvin Roth na Elliott Peranson waliusuka upya mfumo wa madaktari ili umpe mwombaji kipaumbele, nao ukaanza kutumika 1998. Roth na Shapley walipata Nobeli ya uchumi 2012.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuandika hospitali ambayo mtu hayuko tayari kwenda. Matokeo yanakufunga, huwezi kuchagua tena. Na kwa tuliosomea nje ya Marekani, mlima wenyewe uko kabla ya orodha: cheti cha ECFMG kinachothibitisha sifa za waliosomea nje, mitihani ya USMLE ya leseni ya udaktari ya Marekani, kisha kuitwa kwenye usaili. Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya USMLE hutoa kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama za hatua ya pili zimekuwa na uzito zaidi.

Matokeo hutoka Machi. Jumatatu unaambiwa tu kama umepata au hujapata, na waliokosa huanza kuwania nafasi zilizobaki wiki hiyohiyo. Aliyepata hajui bado ni Boston au Cleveland. Hilo analisubiri hadi Ijumaa.