Ncha za drasena zikikauka Nakuru, chunguza maji kwanza

Wateja wengi wanaonijia kitaluni wakiwa na picha kwenye simu huwa na picha ileile: drasena ndefu ya sebuleni, majani yana afya, ila kila ncha imegeuka kahawia kana kwamba imepitishwa kwenye moto. Na karibu wote wameshafanya jambo lilelile kabla ya kuja, yaani kuongeza maji. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Ncha zinazidi kukauka, wanaongeza tena, hadi shina linaanza kulainika chini na mmea unakufa kwa wingi wa maji, huku mwenyewe akiamini umekufa kwa kiu.

Nawaandikia hasa watu wa Nakuru, kuanzia Lanet hadi Njoro, maana kwetu tatizo hili lina sura yake. Ushauri mwingi kuhusu mimea ya ndani hukueleza umwagilie lini na kiasi gani. Ni sawa, lakini hauulizi maji yametoka wapi. Sisi tunakaa katikati ya Bonde la Ufa, chini ya mlima wa volkano wa Menengai, na maji ya ardhini hapa hukaa muda mrefu yakigusana na miamba ya volkano. Humo huokota floraidi, chumvi ya asili iliyoyeyuka usiyoiona kwa macho. Ndiyo hiyo inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto waliokulia kwenye maji ya visima virefu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande wetu huvuka hapo. Drasena haivumilii hata kiasi hicho: miligramu 1 kwa lita inatosha kuichoma ncha. Kwa hiyo maji unayokunywa bila madhara yanaweza kuudhuru mmea wako.

Kwa nini ncha, na si katikati ya jani? Mizizi huvuta maji pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake. Maji hupanda shinani, huingia majanini, kisha hutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Floraidi haigeuki mvuke. Inasukumwa hadi mwisho wa safari, kwenye ncha na kingo, inabaki palepale, na kila unapomwagilia inaongezeka kidogo. Mmea hauna njia ya kuitoa. Siku kiasi kinapozidi, chembe hai za sehemu hiyo hufa. Ndiyo maana majani ya zamani huungua zaidi kuliko machanga: yamekusanya kwa muda mrefu zaidi.

Hapa kuna imani moja ambayo ningependa sana iachwe. Watu huchemsha maji, au huyaacha kwenye ndoo usiku kucha, wakidhani wameyasafisha kwa ajili ya mmea. Ukiyaacha wazi, klorini itapungua, ni kweli, lakini floraidi haiendi popote. Ukiyachemsha ndiyo unaharibu zaidi, kwa sababu sehemu ya maji hupotea kama mvuke na floraidi yote inabaki katika maji machache. Kichungi cha kawaida cha mshumaa wa udongo huzuia vijidudu na tope, si floraidi. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo imetumika Nakuru kwa miaka mingi kusafisha maji ya kunywa, au mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, kama ile iliyo kwenye baadhi ya maduka ya kuuza maji mtaani. Uliza muuzaji mtambo wake ni wa aina gani kabla hujajaza mtungi.

Lakini kwa mmea sioni haja ya kununua maji wakati mvua inanyesha bure. Mita 1 ya mraba ya mabati ikipata mvua ya milimita 10 inakupa lita 10. Yaani paa dogo la kibanda cha kuku, mvua moja ya jioni, na mtungi wa lita 20 umejaa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa. Ya pili kinga, weka mahali penye kivuli, funika vizuri mbu wasizaliane. Drasena iliyo katika chungu cha lita 10 hunywa takriban lita 2 kila inapomwagiliwa, kwa hiyo mtungi mmoja unatosha mara kumi, na kwa mmea wa sebuleni hiyo ni miezi mitatu au zaidi. Ukiweka mitungi miwili ya mvua za Novemba, umevuka kiangazi cha Januari na Februari bila kugusa maji ya kisima.

Sasa namna ya kumwagilia, maana hata maji mazuri yakitumiwa vibaya yanaua.

Achana kabisa na kikombe cha kila siku. Kikombe hulowesha sehemu ya juu tu, mizizi ya chini inabaki kavu, na chumvi zote zilizomo kwenye maji na mbolea hujikusanya udongoni kwa kuwa hakuna kinachozisukuma nje. Peleka chungu bafuni au nje kivulini, mwagilia polepole pande zote hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, subiri dakika chache, rudia. Yakiisha kuchuruzika, rudisha chungu mahali pake. Maji yanayobaki kwenye kisahani yamwage, usiyaache yanyonywe tena, kwa sababu ndiyo yaliyobeba chumvi ulizotoka kuziosha. Na kila baada ya miezi mitatu hivi, pitisha maji ya mvua mengi zaidi, kama mara mbili ya ujazo wa chungu, ili kusafisha udongo wote. Chungu kisicho na tundu chini hakifai drasena, hata kiwe kizuri namna gani.

Baada ya hapo, usiguse maji mpaka udongo ukauke. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ngoja. Mimi huamini zaidi uzito: inua chungu mara tu baada ya kumwagilia, mikono yako ikumbuke, kisha kiinue tena baada ya wiki. Tofauti utaihisi mwenyewe. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na hewa hiyo hukaa katika nafasi ndogo kati ya chembe za udongo. Ukizijaza maji muda wote, mizizi inakosa oksijeni, inadhoofika, na kuvu wa kuozesha wanaingia. Zile drasena zinazouzwa zikiwa magogo yenye majani juu ziko hatarini zaidi, kwa kuwa mara nyingi mizizi yake bado ni michache na haiwezi kunywa unachomwaga.

Siku ngapi basi? Swali hili naulizwa kila wiki, na jibu linategemea mji. Nakuru tuko mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na mwezi wa Julai udongo wa ndani ya nyumba unaweza kukaa na unyevu wiki tatu. Kisumu, karibu na ziwa kwenye mita 1,100 hivi, joto ni jingi na chungu hichohicho kitakauka ndani ya wiki moja. Wenzetu wa Kisumu pia wana bahati nyingine: maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo. Nimewahi kuona drasena iliyokuwa safi Kisumu ikaanza kuungua ncha baada ya mwenyewe kuhamia Nakuru, na yeye alikuwa akiimwagilia vilevile kama zamani.

Ili usichanganye dalili: kiu hulegeza jani zima na udongo huachana na ukuta wa chungu. Maji mengi hufanya majani ya chini yawe manjano na laini, na udongo hunuka uvundo. Floraidi huanza nchani, sehemu iliyokufa huwa kavu kabisa, mara nyingi ikiwa na mstari wa manjano unaoitenga na kijani, na sehemu nyingine yote ya mmea iko imara.

Kwa upande wa udongo, changanya chokaa ya kilimo kidogo, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 10 za udongo. Udongo wenye asidi huiacha floraidi iyeyuke na kunywewa, ilhali kalsiamu huikamata. Mbolea ya superfosfati usiweke kwenye chungu cha drasena kamwe, kwa sababu hutengenezwa kwa miamba yenye floraidi yake.

Tahadhari hizi zinahusu pia kalathea, maranta, kodilini na ule mmea wa majani membamba yenye mistari unaoning'iniza vitoto. Monstera na mani planti hazisumbuki sana. Kama nyumba yako haina pa kukingia mvua na maji ya kuchujwa ni ghali, panda hizo na uzimwagilie maji ya bomba.

Ncha iliyokwisha kuungua haitarudi kijani. Ikate kwa mkasi safi ukifuata umbo la jani, ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai. Kisha tazama majani mapya yanayochomoza juu. Hukua taratibu, kwa hiyo mpe mmea miezi kadhaa ya maji ya mvua kabla hujaamua kubadilisha jambo jingine.