"Dual core" si GHz mara mbili

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba pale Kariakoo, Dar, mashine hupangwa moja juu ya nyingine hadi karibu na mlango, na kila moja imebandikwa karatasi yenye sifa zake kwa maka pen. Hesabu moja hukosi kuikuta: "Dual core 1.86 x 2 = 3.72 GHz." Kuzidisha kwenyewe ni sahihi. Tatizo ni kwamba hiyo 3.72 haipo popote ndani ya ile mashine. Nimeizoea kwa wauzaji, nikaizoea hata kwa mafundi, lakini juzi nimeisikia kwa mtu anayefundisha kompyuta, anawaandikia wanafunzi ubaoni na wao wanakopi. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Maana yenyewe ni fupi. Prosesa ni kile kipande kinachotekeleza maagizo ya programu. Ndani yake kuna sehemu inayofanya kazi hiyo hasa: inachukua agizo, inalifasiri, inapiga hesabu, inaandika jibu. Sehemu hiyo ndiyo kiini, kwa Kiingereza "core". Prosesa za zamani zilikuwa na kiini kimoja. Dual core ina viini viwili ndani ya prosesa moja, inayokaa kwenye soketi moja, yaani kile kikalio chake ndani ya boksi. Basi, hakuna zaidi. (Na prosesa si lile boksi zima. Hapa mjini boksi la chini ya meza ndilo tunaloliita CPU, kwa hiyo mtu akikwambia amebadilisha CPU, muulize kwanza kama amenunua boksi jingine au amebadilisha kile kipande cha sentimita kama nne kwa upana.)

Sasa hizo GHz. 1.86 GHz maana yake saa ya prosesa inapiga mara bilioni 1.86 kwa sekunde, na kiini kinasogeza kazi hatua moja kwa kila pigo. Ukiwa na viini viwili, vyote viwili vinakwenda kwa mapigo hayohayo bilioni 1.86. Hakuna kiini hata kimoja kilichoongezewa mwendo. Chukua mafundi cherehani wawili wenye kasi sawa, uwapelekee shati moja. Mmoja atashona mikono na mwenzake kiwiliwili, sawa, lakini kola itasubiri mabega yaungwe, mikono itasubiri kiwiliwili, na vifungo vitasubiri vyote. Shati halitatoka kwa nusu ya muda. Ukiwapelekea mashati mawili, kila mtu na lake, hapo utaiona faida yote.

Jambo hili lina hesabu yake, na si mpya. Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani aliyebuni mashine kubwa za IBM, alilieleza mwaka 1967, wakati kompyuta za mezani hazijaenea. Tuseme kazi inachukua sekunde 100 kwenye kiini kimoja, na nusu yake tu ndiyo inayogawanyika. Ukileta viini viwili, zile sekunde 50 zisizogawanyika zinabaki palepale, zile nyingine 50 zinakuwa 25, jumla 75. Leta viini vinne, unapata 62.5. Leta elfu moja, bado hushuki chini ya 50. Hata kazi inayogawanyika kwa asilimia 90, ambayo ni kazi nzuri sana, kwa viini viwili inaisha kwa sekunde 55 na si 50. Na kazi haijigawi yenyewe. Aliyeandika programu ndiye aliyepaswa kuigawa, na programu nyingi za kabla ya dual core ziliandikwa na watu waliojua kompyuta ina kiini kimoja.

Unaweza kuliona kwa macho yako. Kaa kwenye mashine ya dual core, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke. Endesha programu moja nzito ya kizamani, au subiri moja igande kama kawaida yake. Utaona matumizi ya prosesa yamepanda hadi asilimia 50 na kugota hapo. Mwenye mashine atakwambia, "Mbona bado ina nusu nzima haijatumika, sasa inastaki nini?" Inastaki kwa sababu ile programu imejaza kiini chake chote, na haijui namna ya kukitumia cha pili. Nusu iliyobaki ipo, lakini haiwezi kuisaidia programu hiyo hata kidogo. Hiyo 50 inaeleza maana ya dual core vizuri kuliko tangazo lolote.

Kwa hiyo kiini cha pili kina faida gani? Kubwa tu, ila si ile inayotangazwa. Nenda kwenye steshenari yoyote pale Mwenge wanafunzi wakiwa wamejaa: mashine moja inachapa kurasa 80, wakati huohuo skana inasoma cheti cha mtu, antivairasi imeanza kupekua flashi ya mteja, na dada wa kaunta anataka kufungua Word. Kwenye kiini kimoja haya yote yanapokezana mlango mmoja, na dada ataandika herufi tatu azisubiri zitokee. Kwenye viini viwili antivairasi inahangaika upande wake, Word inapumua upande wa pili. Hakuna kazi iliyokwenda mbio zaidi. Kilichopungua ni foleni.

Kama mashine ina RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika mashine ikiwaka) ya MB 512 na diski kuukuu inayokoroma, hata foleni hiyo haitapungua sana, maana wote wanaisubiri diski. Anzia kwenye RAM.

Lakini nisimwonee muuzaji. Kuna sababu anazidisha, na sababu hiyo hakuianzisha yeye. Kwa miaka mingi watengenezaji wenyewe walitufundisha kununua kompyuta kwa GHz: 1.4, 2.0, 2.8, 3.0, namba ikipanda mashine ni kali zaidi. Pentium 4, prosesa ya kampuni ya Intel, ilijengwa kwa mbio hizo. Toleo lake lililoitwa Prescott, la mwaka 2004, lilikata kila agizo katika hatua 31 fupifupi ili saa ipige haraka. Saa ilipiga haraka kweli, na joto likapanda nayo. Ukitaka mapigo zaidi lazima uongeze na volti, na umeme unaoliwa huongezeka kwa mraba wa volti, juu ya lile ongezeko la mapigo yenyewe. Mei 2004 Intel ikafuta prosesa iliyokuwa irithi Prescott. Oktoba mwaka huohuo ikaachana na mpango wa Pentium 4 ya 4 GHz. Zilikomea 3.8. Aliyewahi kukaa Januari kwenye chumba kisicho na feni hapa Dar, na Pentium 4 inaunguruma karibu na goti lake, hahitaji grafu ya kuelezwa kwa nini. Prosesa hizo zikizidiwa na joto hupunguza mwendo zenyewe zisiungue, kwa hiyo mtu amelipia 3.0 na mchana wa jua anatumia pungufu.

Njia ya kuongeza mapigo ilipofungwa, ikabaki ya kuongeza viini. IBM ilishaipita mwaka 2001 kwa prosesa yake ya POWER4, lakini hiyo ilikuwa ya mashine za mabenki na maabara. Kwenye meza zetu mambo yalianza Mei 2005, Intel na Pentium D, mshindani wake AMD na Athlon 64 X2. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo ya Intel, na hapo muuzaji wetu akapata shida. Ana Pentium 4 ya 3.0 GHz na ana Core 2 Duo E6300 ya 1.86, na hii ya pili ndiyo bora, ndiyo mpya, ndiyo ghali. Mteja anasoma namba mbili, anacheka, anataka ya 3.0. Muuzaji afanye nini? Akazidisha kwa mbili. "Bosi wangu, hii ni dual core, moja nukta nane sita mara mbili, unakaribia nne!" Namba ya uongo ikamfikisha mteja kwenye uamuzi wa kweli. Namuelewa kabisa. Ila uongo ule umebaki mjini miaka na miaka, na leo unauziwa simu ya viini vinane kwa mtindo huohuo.

Hapa ndipo kuna jambo linaloniudhi kuliko ile hesabu. Mtu aliyetoka Pentium 4 kwenda Core 2 Duo atakuapia kwamba dual core ni kiboko. Anasema kweli kuhusu kasi, anakosea kuhusu chanzo chake. Vilibadilika vitu viwili kwa mpigo mmoja: idadi ya viini, na kiini chenyewe. Kiini cha Core 2 kiliachana na ule ujenzi wa Pentium 4, hatua zikashuka hadi 14, na kikaweza kushika maagizo manne kwa pigo pale Pentium 4 iliposhika matatu. Kiini kimoja tu cha E6300, kwa 1.86 yake, kilitosha kuikimbiza Pentium 4 ya 3.0. Cha pili hakijaanza kazi hata.

Ushahidi ni Pentium D. Nayo ni dual core halali, viini viwili, lakini ni vilevile vya Pentium 4 vilivyowekwa ubavu kwa ubavu. Vilikuwa vinawasiliana kwa kutoka nje ya prosesa na kurudi, kwenye njia ileile inayoelekea RAM. Pentium D 840 ilikuwa na kiwango cha joto cha wati 130. E6300 wati 65. Kwa hesabu ya Kariakoo, 840 ya 3.2 mara mbili ni 6.4 GHz na ingemgaragaza E6300. Haikumgaragaza. Zote mbili zinaitwa dual core, na LUKU ya mwenye 840 inajua tofauti.

Ukitaka kujua kiini cha pili peke yake kinaleta nini, linganisha prosesa mbili nyingine za Intel, Celeron 430 na Pentium E2160. Zote zilitoka 2007, zote 1.8 GHz, viini vya familia moja. Ya kwanza ina kimoja, ya pili viwili na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kubwa mara mbili. Kuandika barua hutaona tofauti. Kubana faili kwa 7-Zip au kugeuza video, utaiona.

Kuna na wale wanaoiita dual core mashine ambayo si dual core. Pentium 4 zenye alama ya HT (Hyper-Threading), zilizoanza Novemba 2002 na ile ya 3.06 GHz, huonyesha vidirisha viwili vya grafu kwenye Task Manager. Muuzaji anakufungulia, anakuonyesha kidole: moja, mbili. Kiini ni kimoja. Kinachofanyika ni kwamba kinapokea mikondo miwili ya maagizo, ili mmoja ukikwama ukisubiri RAM, mwingine utumie nafasi. Inasaidia kiasi, lakini jiko ni moja. Weka programu ndogo ya CPU-Z kwenye flashi uende nayo dukani. Inaandika viini mahali pake na mikondo mahali pake. Na wanaoingia msconfig, programu ya mipangilio ya kuwasha Windows, kuweka "2" ili "kufungua" kiini cha pili hawafungui kitu. Kile kisanduku kipo kwa ajili ya kupunguza viini. Kikiachwa wazi, Windows inatumia vyote.

Kuhusu kubadilisha prosesa kwenye boksi lako, maneno machache. Soketi 478 haina dual core, usihangaike. Soketi 775 ilipokea Pentium 4, Pentium D na Core 2 Duo, na kwa umbo zote zinaingia, ndiyo maana watu wanaumia. Kuingia si kuwaka. Bodi (ubao mkuu unaoshika prosesa) ya chipu 915 haikutengenezewa dual core. Ya 945 inapokea Pentium D, lakini Core 2 Duo inategemea bodi yenyewe ina uwezo wa kuilisha volti zake na BIOS yake, ile programu ya bodi inayowasha mashine, inaijua: Dell OptiPlex GX620, zilizowahi kujaa mjini, zinachukua Pentium D na kuikataa Core 2 Duo, wakati OptiPlex 745 inaichukua. Tafuta orodha ya prosesa za bodi yako kabla ya kutoa hela. Vipini vya soketi hii viko kwenye bodi, si kwenye prosesa, na kimoja kikipinda unaweza kuwa umeua bodi. Futa pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo, weka mpya. Kama bado uko kwenye Windows XP, angalia Device Manager chini ya Computer. Ikiwa bado imeandika "Uniprocessor", yaani prosesa moja, kiini chako cha pili kimekaa bure.

Basi mtu akikusimulia kwamba dual core ilimfanyia mashine iruke, usimbishie. Muulize tu alitoka prosesa gani akaingia ipi, kwa namba ya modeli. Mara nyingi utakuta alichonunua ni kiini kipya, na cha pili kikaja kama nyongeza.