Glasi ya wiski ni ipi? Tazama mdomo, si kitako

Tangazo la "seti ya glasi sita za wiski" karibu kila mara huja na picha ileile: glasi fupi, nzito, kitako kinene, pande zimenyooka, mdomo mpana. Baa nyingi nazo ni hivyohivyo. Ukiagiza wiski kavu, bila barafu wala soda, unawekewa hiyohiyo. Glasi yenyewe haina ubaya wowote, ila jina hilo si lake.

Glasi ya wiski, yaani ya kuionja wiski yenyewe, ni ile yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa, ili harufu ikusanyike juu ya kinywaji kabla haijafika puani. Maana ni hiyo tu. Mkanganyiko umetokana na majina, kwa sababu majina tuliyorithi hutaja sehemu zote za chombo isipokuwa ile yenye kazi.

Ile glasi fupi Waingereza huiita "tumbler", neno linalotokana na kitenzi cha kuanguka na kupinduka. Vikombe vya kwanza vilivyoitwa hivyo vilikuwa na kitako cha mviringo au kilichochongoka, kwa hiyo havikuweza kusimama mezani vikiwa na kinywaji. Ulilazimika kumaliza ndipo ukiweke chini. Kitako kimebadilika kikawa bapa na kizito, jina likabaki. Basi hilo ni jina la kitako.

Kamusi zetu hulifasiri neno hilo kuwa bilauri. Hili nalo lina safari ndefu: limetoka kwa Kiarabu, "billawr", yaani jiwe angavu la fuwele, na nyuma yake kuna Kigiriki "beryllos", jina la kito. Wajerumani walichota kutoka chimbuko hilohilo wakapata "Brille", miwani, kwa kuwa lenzi za mwanzo zilichongwa kwa mawe angavu ya namna hiyo. Kwa hiyo bilauri hutaja malighafi, kama glasi inavyotaja malighafi. Anayeuza "bilauri za kristali" anataja jiwe mara mbili na bado hajakwambia umbo. Na kwa harufu, kristali haiongezi kitu; inaongeza mng'ao na bei. Ikiwa ni kristali yenye madini ya risasi, kunywea jioni moja si sawa na kuhifadhi wiski ndani ya chupa ya kristali hiyo kwa wiki kadhaa, maana risasi huyeyuka polepole na kuingia kwenye kinywaji. Hilo la pili liepukwe kabisa.

Toti ndiyo inayochanganywa zaidi. Watu wanaita toti kile kiglasi kidogo cha kunywa kwa mkupuo, na wengine wanakitafuta dukani kama glasi ya wiski. Toti ni kipimo. Kwa Kiingereza neno hilo humaanisha kitu kidogo, hata mtoto mdogo huitwa hivyo. Toti ya ramu ya mabaharia wa jeshi la Uingereza ilikuwa sehemu moja ya nane ya painti, karibu mililita 71, hadi ilipofutwa tarehe 31 Julai 1970. Baa za Uingereza leo hupima mililita 25 au 35. Kiglasi kilichojaa hadi ukingoni hakiachi nafasi ya mvuke kukusanyika, na pasipo mvuke pua haina la kufanya.

Sasa mdomo. Glasi ya sampuli ya kiwango cha kimataifa, ISO 3591 ya mwaka 1977, ilitungwa kwa ajili ya mvinyo lakini inafaa sana hapa: tumbo milimita 65, mdomo milimita 46. Bilauri yenye mdomo wa sentimita 8 ina uwazi mkubwa mara tatu ya huo. Ukimimina mililita 30 humo, unapata utando wa milimita 6 chini ya shimo kubwa. Harufu nyepesi, za matunda na maua, hutawanyika kabla hujainamisha kichwa.

Wachanganyaji wa wiski huko Uskoti walilijua hili zamani. Walitumia "copita", glasi ndogo yenye mguu inayotumika kuonjea sheri, aina ya mvinyo, kule Jerez, Hispania. Glasi ya Glencairn, iliyobuniwa na Raymond Davidson na kuingia sokoni mwaka 2001, imefuata umbo hilo, ila mguu umefupishwa ukawa kitako imara kisichovunjika ovyo kaunta.

Ukiwa nayo, mimina mililita 25 hadi 35, isivuke pale tumbo lilipo pana zaidi. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo: wiski ina alkoholi ya asilimia 40 au zaidi, na mdomo mwembamba hukusanya mvuke wake pamoja na harufu. Pua ikichomwa mara ya kwanza, hugundui tena kitu kwa dakika kadhaa. Anza mbali kidogo na glasi, kinywa kikiwa wazi kidogo. Ikiwa wiski ni ya asilimia 55 au 60, tia maji kwa kijiko cha chai, kidogokidogo. Osha kwa maji ya moto, sabuni isiyo na manukato, kisha iache ikauke. Ukiihifadhi imefunikwa kifudifudi kabatini, hufungia ndani harufu ya mbao, nawe utailaumu wiski bure.

Bilauri ina kazi yake. Donge la barafu la sentimita 5 haliingii kwenye mdomo wa sentimita 4.6, na baridi yenyewe hupunguza mvuke, kwa hiyo mdomo mwembamba hapo hauna faida. Barafu, soda, limau, vyote viende kwenye bilauri. Ukikosa glasi ya kuonjea, chukua glasi ndogo ya mvinyo mweupe kabla ya kuigusa bilauri.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha ile nzito na kuiita glasi ya wiski, mwambie taratibu kuwa hiyo ni ya wiski na barafu, kisha umuulize kama anayo yenye mdomo mdogo kuliko tumbo.