Si Cromwell aliyeibomoa ngome ya Scarborough

Ukiona gofu la ngome Uingereza, haichukui muda kusikia kwamba "ni kazi ya Cromwell." Huyo bwana, kamanda wa jeshi la Bunge lililopigana na mfalme karne ya 17, kabebeshwa lawama hata za mahali ambapo hakupigana. Scarborough, juu ya jabali linaloitazama Bahari ya Kaskazini, ni mojawapo.

Mnara wake mkuu ulijengwa enzi za Mfalme Henry II, karne ya 12. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge vilipozuka, ngome ilikuwa mikononi mwa Sir Hugh Cholmley, aliyeanza upande wa Bunge, kisha mwaka 1643 akahamia kwa mfalme. Mwaka 1645 ndipo jeshi la Bunge lilipoizingira, likiongozwa na Sir John Meldrum, Mskoti.

Meldrum aliweka mizinga ndani ya kanisa la St Mary, hatua chache tu kutoka ngomeni. Nusu ya mnara ikaporomoka. Walio ngomeni nao walijibu, na sehemu ya mashariki ya kanisa hilo ni gofu mpaka leo. Ajabu ni kwamba kuta kuanguka hakukumaliza vita: kifusi chenyewe kiliziba njia, na Meldrum akafa kwa majeraha. Kilichomshinda Cholmley ni kiseyeye na uhaba wa maji. Aliposalimu amri mwezi Julai, baadhi ya askari wake hawakuweza hata kutembea.

Na si kila tundu ni la wakati huo. Desemba 1914 manowari za Wajerumani ziliupiga mji makombora, zikaharibu kambi ya askari iliyokuwa humo ngomeni.