Kemikali Kazini: Nani Amekueleza Unashika Nini?

Nasafisha ofisi mjini. Dawa tunapimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Mwenzako mwenye kiu akiiona chupa ya soda hataanza kuuliza maswali. Halafu kuna kuchanganya. Jiki ikikutana na asidi ya kuoshea choo hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na dawa yenye amonia hutoa kloramini. Zote huunguza mapafu, na vyoo vingi vya majumba ya mjini havina hata dirisha. Onyo hilo huandikwa kwenye lebo, lakini lebo imebaki stoo na wewe umeachwa unuse ubahatishe. Dawa ikihamishwa chombo, jina na onyo lake vihame nayo, hata kama ni kwa kalamu na kipande cha plasta.

Lebo ni ya Kiingereza, nami sikielewi vizuri. Nifanyeje?

Anza na picha. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali lebo, uitwao GHS, una alama 9, kila moja ikiwa ndani ya almasi yenye ukingo mwekundu. Fuvu ni sumu inayoweza kuua upesi. Mwali ni kitu kinachoshika moto, kama thina. Majimaji yanayodondokea mkono na chuma ni kiunguzaji: asidi ya betri, au kostiki soda ya watengeneza sabuni.

Inayopuuzwa zaidi ni ya mtu mwenye nyota kifuani, kwa kuwa madhara yake mara nyingi huchelewa: saratani, pumu, matatizo ya uzazi. Mafundi wanaopuliza rangi magari kule Industrial Area, Nairobi, waijue hii kuliko zote. Baadhi ya hadena, dawa za kugandisha rangi, zina isosayaneti, kemikali ambazo huleta pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake.

Mwajiri analazimika kunieleza?

Ndiyo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai atoe taarifa na mafunzo. Kila kemikali hatari iwe na karatasi ya taarifa za usalama, ambayo katika mfumo wa GHS ina sehemu 16. Ya 4 ni huduma ya kwanza. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo hufungiwa kabatini kwa meneja, kisha mnapitishiwa fomu ya kusema mmefunzwa. Kutia sahihi si kuelezwa. Mimi ningemuuliza kibarua aliyeingia jana: ukimwagikiwa na hii, utafanya nini?

Nikilalamika si nitafutwa?

Hofu hiyo naielewa. Sheria inakutaka umjulishe msimamizi, naye haruhusiwi kukurudisha penye hatari kubwa kabla ya kuirekebisha. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Pitieni huko mkiwa wengi. Ikishindikana, nendeni kwa DOSHS, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini.

Ikinirukia jichoni?

Maji safi yanayotiririka, papo hapo, kwa dakika 20, kope zikiwa wazi. Aliyemeza asitapishwe. Kisha hospitali, na mwende na lebo au picha yake kwenye simu, ili daktari ajue anatibu nini.