Mawasiliano yenye huruma kati ya daktari na mgonjwa

Mawasiliano yenye huruma ni namna ya kuzungumza na mgonjwa kwa kutambua kwamba ana hofu, familia na maswali, wala si faili la majibu ya maabara tu. Hayaishii kwenye sauti ya upole, bali yanahusu pia kujitambulisha, kusikiliza bila kukatiza, kueleza ukweli kwa maneno mepesi na kuhakikisha kwamba umeeleweka.

Umuhimu wake huonekana wazi katika tiba ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita. Mojawapo ya dawa zake, rifampisini, hugeuza rangi ya mkojo ikawa kama ya chungwa au nyekundu. Hali hiyo haina madhara, lakini mgonjwa ambaye hakuelezwa anaweza kudhani anakojoa damu, akaziacha dawa kimyakimya, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Muuguzi anayemwambia, “Mama, utaona mkojo umebadilika rangi, usiogope, ni dawa,” tayari anamtibu. Swali la “Umeelewa?” nalo halitoshi, kwa kuwa wengi wetu, kwa heshima au kwa haya, huitikia “Ndiyo, daktari” hata pale ambapo hatujaelewa. Ni afadhali kusema, “Hebu nieleze, ukifika nyumbani utazimeza vipi?”

Kate Granger, daktari wa wazee nchini Uingereza, aliliona pengo hili akiwa yeye mwenyewe anaugua saratani. Alipolazwa mwaka 2013 aligundua kwamba wahudumu wengi hawakumtajia hata majina yao, akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wajitambulishe kwanza, na akaiendeleza hadi alipofariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 34.

Ni kweli kwamba foleni katika hospitali zetu ni ndefu na madaktari ni wachache, na hilo si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, kutaja jina ni suala la sekunde chache tu.

Wala huruma si kuficha ukweli. Mara nyingi ndugu humvuta daktari kando wakimsihi asimwambie mgonjwa kwamba ana saratani, na humsihi hivyo kwa mapenzi. Nadhani daktari awasikilize ndugu hao kwa heshima, kisha aketi na mgonjwa mahali pa faragha na kumuuliza angependa kujua kiasi gani, na angependa nani awepo anapoelezwa.